Tokei: kwa nini mkia ndio wenye bei

Mjusi kafiri anayevizia nondo chini ya taa ya barazani unamjua. Mkuze mara mbili au tatu, mpake rangi ya kijivu inayoelekea buluu, mnyunyizie madoa ya rangi ya chungwa, mpe taya la kubana kama koleo: huyo ndiye tokei, Gekko gecko. Kwao ni Asia ya kusini na kusini mashariki, kuanzia Nepal, Bangladesh na kaskazini mashariki mwa India hadi Ufilipino na Indonesia. Dume hufika sentimita 30 hadi 35, jike huwa mdogo kidogo.

Jina lake ni mlio wake. Wafilipino humwita tuko, Waindonesia tokek. Dume huanza kwa mkwaruzo wa chinichini, kisha hupasua usiku kwa "to-kei, to-kei" mara kadhaa mfululizo. Anaita jike na kuwaonya madume wengine wasisogee, na mara nyingi anafanya hivyo akiwa kwenye pango lilelile la mti au ufa uleule wa ukuta, usiku baada ya usiku. Kwa mwindaji hayo ni maelekezo ya nyumba kamili. Anachohitaji ni tochi, ufito wa mwanzi wenye kitanzi nchani, na subira.

Vitabu vya dawa vya Kichina vinasema vidole vyake vina vikombe vya kunyonya. Sivyo. Chini ya kila kidole kuna mikunjo, na juu ya mikunjo hiyo kuna vinyweleo, karibu nusu milioni kwa kila unyayo, vyenye urefu wa mikromita (elfu za milimita) 30 hadi 130. Ncha ya kila kinyweleo imechanuka kama ufagio, na kila uzi wake huishia kwenye kijisahani kisichoonekana kwa jicho. Mwaka 2000 mtafiti wa Kimarekani Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kinyweleo kimoja. Mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachoshika ni mvuto mdogo sana kati ya molekuli, ule uitwao nguvu za van der Waals. Hakuna gundi wala unyevu. Kujibandua, tokei hukunja vidole kuanzia nchani kurudi nyuma. Kinyweleo kikifika pembe ya nyuzi 30 hivi, kinaachia chenyewe. Ndiyo maana anakimbia juu ya dari bila kunasa.

Chakula chake ni mende, panzi, nondo, nge, mijusi wadogo, hata vitoto vya panya. Kuna watu Florida waliowaachia majumbani ili wale mende. Mende walibaki, na tokei nao wamekuwa wakazi.

Sasa dawa. Kwa Kichina anaitwa gejie, na matumizi yake makuu ni kikohozi cha muda mrefu, pumu, na (hapa ndipo fedha ilipo) nguvu za kiume. Hupasuliwa tumbo, hutolewa matumbo, hufutwa damu, hutandazwa kwa vijiti vya mwanzi hadi awe bapa kama ng'onda, kisha hukaushwa kwa moto mdogo. Kabla ya kutumiwa huondolewa magamba, kichwa na miguu. Kipimo cha kitabuni ni gramu 3 hadi 6, zikiwa unga, vidonge, au zimelowekwa kwenye pombe. Huuzwa kwa jozi, dume na jike, na mkia unahesabiwa kuwa ndiyo dawa yenyewe. Aliyepoteza mkia hushuka bei papo hapo.

Tokei akishikwa vibaya anauacha mkia ukirukaruka na kukimbia, kwa hiyo bei inategemea kiungo ambacho maumbile yamemfundisha kukitupa. Mkia huota tena, lakini mnunuzi mzoefu haumpiti: wa asili una pete 6 au 7 za rangi ya fedha, wa kuota ni mfupi na pete zake zimefifia. Wengine huuza mijusi wa jamii nyingine kabisa. Usitazame rangi, maana ukaushaji unaiharibu, geuza mguu. Tokei ana vidole vipana vyenye mikunjo ya kukingama upande wa chini. Vidole vikiwa vyembamba na kucha tupu, umeuziwa mwingine. Fungua na mdomo: meno yake ni madogo, yamepangana ukingoni mwa taya, hakuna hata moja lililozidi mengine.

Je, anatibu? Wanaodai kupona pumu mara nyingi wametumia mchanganyiko. Ule maarufu wa mzizi wa ginseng na gejie una viungo vinane, kikiwemo mzizi wa urukususu (licorice), ambao peke yake unaweza kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa akipata nafuu, nani anajua ni kipi kati ya vinane? Majaribio ya panya na seli za maabara yapo. Hayatoshi kumfanya mwenye pumu aweke inhela kabatini.

Lililoleta balaa zaidi ni uvumi uliovuma kati ya 2009 na 2011 kwamba tokei hutibu UKIMWI. Ukaja na sharti la ajabu: awe na gramu 300 au zaidi. Tokei wengi waliokomaa hawafiki hapo, hivyo waliosakwa kwanza ni wakubwa, yaani wazazi. Julai 2011 wizara ya afya ya Ufilipino ilitangaza kwamba madai hayo hayana msingi na kumtegemea mjusi ni hatari kwa mgonjwa.

Kumfuga ili kukidhi soko ni hesabu ngumu. Jike hutaga mayai mawili tu kwa mpigo na kuyagandisha ukutani au ndani ya gome. Ukijaribu kuyabandua yanapasuka. Huanguliwa baada ya miezi miwili hadi zaidi ya sita, kutegemea joto. Wazazi huyalinda, lakini makinda yakiachwa pamoja na wakubwa huweza kuliwa nao. Halafu unamlisha wadudu hai kwa karibu mwaka mzima ndipo akomae. Kumnasa porini ni bure, kwa hiyo shehena kubwa iliyoandikwa "wa kufugwa" huwa naitilia shaka.

Akikuuma, usimvute, utachana ngozi yako na kumvunja taya. Shusha mkono hadi chini atulie, au mzamishe majini, ataachia. Nawa kwa sabuni, kwa sababu mijusi hubeba bakteria wa salmonela, wanaoharisha.

Tangu Novemba 2019 yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini: akiwa hai au amekaushwa, havuki mpaka bila kibali. Wafanyabiashara wetu wanaopita Guangzhou wataiona ile jozi bapa madukani. Ulizia kibali hapo hapo kaunta, kabla hujalipa.