Je, wajua kwa nini mtangazaji mmoja wa hoki ya barafu anaalikwa mashuleni kuwatia watu moyo?

Tarehe 30 Mei 2016, mechi ya kwanza ya fainali ya Stanley Cup, kombe la NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, timu za Pittsburgh Penguins na San Jose Sharks wako mbili mbili, zimebaki dakika 2 na sekunde 33, Nick Bonino anafunga halafu sauti ya Kipunjabi inalipuka “Bonino Bonino Bonino Bonino!” jina hilo hilo tu bila kuvuta pumzi. Klipu ikazunguka dunia, na Penguins walipobeba kombe wakawaalika watangazaji wale kwenye sherehe Pittsburgh. Mwenye sauti ni Harnarayan Singh, Mkanada, Sikh wa kilemba, na siku hizi mbali na kutangaza anaitwa sana mashuleni na makampuni kuzungumza na watu.

Wengi wanadhani anaitwa kwa sababu ya ile klipu. Mi naona jibu liko nyuma zaidi.

Jamaa amekulia Brooks, mji mdogo wa jimbo la Alberta huko Kanada wenye kiwanda kikubwa cha nyama (siku hizi wako Waafrika wengi tu wanapiga kazi huko). Toka mdogo anapenda hoki ya barafu na anaigiza kutangaza mechi nyumbani, lakini kwenye TV hakukuwa na mtangazaji hata mmoja anayefanana naye. Sasa 2008 CBC, shirika la utangazaji la taifa la Kanada, wakaanza kurusha mechi kwa Kipunjabi, studio iko Toronto na yeye yuko Calgary, hapo ni kama kilomita 2,700, masaa manne kwa ndege. Alikuwa anaruka kila wikiendi kwa tiketi ya mfukoni mwake, na mabosi hakuwaambia, aliogopa wakijua watatafuta mtu wa karibu, kuna siku usingizi wenyewe ni wa airport halafu anarudi kazini Calgary. Mtu aliyepita hapo akisimama mbele ya wanafunzi akasema usikate tamaa, wanamsikiliza, maana wanajua alilipia.

Halafu kuna hili la lugha, ndilo linalonigusa zaidi. Hoki ya barafu inachezwa na kidude cheusi cha mpira, paki, kina gramu kama 170 na kikipigwa vizuri kinapita kilomita 160 kwa saa, huna muda wa kutafuta neno. Kipunjabi hakikuwa na maneno ya mchezo huo, wakayatoa jikoni. Paki wakaiita tikki, ile ya viazi, sisi pwani tungesema katlesi, na kweli ukiiangalia katlesi kwenye sahani ni paki kabisa, duara na bapa. Kile kiboksi anachokaa mchezaji aliyefanya faulo wakakiita dabba la adhabu, na dabba hilo ndilo limetupa sisi debe, lile la kupimia mahindi sokoni. Yaani mtangazaji kazi yake ni kumuonyesha msikilizaji kitu kigeni kwa kitu anachokijua tayari, na akienda kuongea na watu ukumbini anafanya kazi ileile, ndo maana haimsumbui.

Na hoki kwa Masikh sio kitu cha jana, hata kwetu, ile ya magongo kwenye nyasi, Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia 1971 pale Barcelona na nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal wa Nairobi.

Mwaka uleule wa 2016 Singh akawa Sikh wa kwanza kutangaza mechi ya NHL kwa Kiingereza. Hilo ni kubwa, ila mimi bado nawaza zile nyumba za Wapunjabi huko Kanada Jumamosi usiku, wajukuu wanaongea Kiingereza, bibi hakijui, miaka yote alikuwa anapita tu sebuleni, sasa anakaa kwenye kochi nao mpaka mechi iishe kwa sababu anajua tikki iko kwa nani.