Gavana hapeleki polisi Kisauni

Kila vijana wa panga wakivamia watu Kisauni, hapa Mombasa, simu yangu hujaa swali lile lile: gavana anangoja nini kutuletea askari na gari? Kazi yangu ni kufuatilia bajeti ya usalama. Wiki hii aliyeniuliza ni mtu aliyesomea sheria, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Gavana hana polisi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa kazi hiyo. Amri ni ya Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi nchini. Waziri wa usalama humpa maelekezo ya sera kwa maandishi, ila Kifungu cha 245 kinamkataza kuingilia kesi ya mtu au ajira ya askari. Vyeo na uhamisho ni vya Tume ya Huduma ya Polisi. Pesa hupitishwa na Bunge. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, huchunguza malalamiko na kukagua vituo na seli, magari haigawi. Sheria ya Polisi ya 2011 inamruhusu gavana, au mtu wa baraza lake, kuongoza mamlaka ya polisi ya kaunti, inayopendekeza vipaumbele vya usalama. Mbaneni hapo, si kwa magari.

Sasa hayo magari. Tangu 2013 serikali imekuwa ikikodi magari ya polisi, na kila mara naambiwa, "Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali alishapitia, magari yapo." Jamani! Mkaguzi hupitia mkataba, malipo na orodha ya magari. Kituo kikiwa na gari kwenye orodha, gari lipo, na ripoti ni ya kweli. Lakini fungua daftari la safari za gari: kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, jina la dereva, sababu ya safari, lita zilizotiwa. Hapo ndipo utajua kama gari lilishinda barabarani likipeleka mahabusu mahakamani Shanzu, mafuta yakaisha, usiku likalala uani huku watu wakipigwa mapanga mtaa wa pili. Pesa ya kukodi gari imelipwa sawasawa na doria haikufanyika, na mambo hayo mawili hayapingani kwenye hesabu. Anayeuliza "gari lipo?" atajibiwa lipo.

Askari nao ni vivyo hivyo. Ule uwiano wa polisi mmoja kwa watu 450 unaotajwa kila bajeti hautofautishi anayefanya doria Mtopanga, humu Kisauni, na anayelinda lango la mkubwa.

Nina shaka zangu pia. Madaraka yaligawanywa ili polisi wasiwe fimbo ya mtu mmoja, na naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini Inspekta Jenerali na Tume wakivutana kuhusu ajira hadi kortini, mama wa Mtopanga amshike nani? Sina hakika tuligawanya vizuri.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, ila usalama wa taifa una kinga yake. Idadi ya askari wa zamu ya usiku tukiibandika ukutani, mwenye panga naye ataisoma, hapo nasita. Lita za mafuta zilizotumiwa na kituo mwaka uliopita, hizo sioni siri yake. Ziombeni kwa barua, na nakala mumpe mbunge wenu, kwa kuwa yeye ndiye anayepiga kura bajeti hiyo ikipita.