Umestaafu na unataka kuchora? Anzia kwenye kazi uliyoiacha

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza uchoraji wamestaafu au wanakaribia kustaafu. Siku ya kwanza siwapi penseli. Nawauliza kwanza walikuwa wakifanya kazi gani. Wengine hushangaa, maana wamekuja na nia ya kuanza upya kabisa, nami nawarudisha walikotoka. Ninavyowaona miaka yote hii, wanaofika mbali ni wale wanaoingia kwenye sanaa na ujuzi wao wa zamani. Anayetaka kuwa kijana wa chuo cha sanaa kwa mara ya pili huchoka mapema.

Nilimfundisha fundi cherehani mmoja aliyechora kwa kukwaruza vistari vifupi vifupi, vya woga. Nikampokonya penseli, nikampa kipande bapa cha mkaa na karatasi kubwa iliyolazwa mezani, nikamwambia achore bega la mtu aliyekaa mbele yetu kana kwamba anamkatia koti. Mstari ukatoka mmoja, toka shingoni hadi kwenye kiwiko, bila kusita. Jicho lake lilikuwa limepima mabega ya watu maisha yake yote. Alichokosa ni kifaa kinachokaa mkononi kama chaki yake ya kitambaa.

Ukiwatazama wachoraji waliovuma uzeeni, utaona jambo hilohilo. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa akidarizi picha kwa nyuzi za sufu. Maumivu ya viungo yalipomfanya ashindwe kushika sindano vizuri, akahamia kwenye rangi akiwa na miaka zaidi ya sabini na tano. Mwaka 1938 mkusanyaji mmoja aliziona picha zake dukani, na mwaka 1940 akafanyiwa maonyesho yake ya kwanza ya peke yake jijini New York. Kila picha aliianza na mbingu, akashuka kwenye milima, mashamba, na mwisho watu. Mpangilio ule wa shamba lenye kazi nyingi kwa wakati mmoja hakuujifunza darasani, alikuwa ameuishi.

Emily Kame Kngwarreye wa Australia ananigusa zaidi. Alikuwa mama mzima mwenye heshima katika sherehe za wanawake wa jamii yake, ambako miili huchorwa kwa rangi za asili. Mwaka 1977 akaingia kwenye batiki, na mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia miaka themanini, akapewa rangi za akriliki na turubai ya kuchorea. Mpaka anafariki mwaka 1996 inakadiriwa alikuwa amechora picha zipatazo 3,000. Watu huita huo mwanzo wa ghafla. Mimi naona mkono uliokuwa umefanya mazoezi miongo mingi, ukabadilishiwa tu mahali pa kuchorea.

Msiwachanganye hawa na waliochelewa kutambuliwa. Carmen Herrera, mchoraji mzaliwa wa Havana, Cuba, aliuza mchoro wake wa kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89, lakini alikuwa akichora tangu ujana. Kuvumilia kutojulikana ni shida nyingine kabisa, na haina mbinu ninayoweza kufundisha.

Sasa mwili. Lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo buluu na zambarau hufifia. Mboni nayo hupungua upana, mwanga unaoingia ukawa kidogo. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alisumbuliwa na mtoto wa jicho, rangi zake zikaegemea wekundu na hudhurungi, hadi alipopasuliwa mwaka 1923. Kabla hujalaumu kipaji, pima macho, kisha ongeza taa na uisogeze karibu na karatasi. Taa nzuri naithamini kuliko brashi ya bei.

Mkono ukitetemeka au vidole vikikaza, usipigane navyo: ongeza ukubwa wa karatasi, nenepesha mpini wa brashi, chora kwa bega badala ya kifundo cha mkono. Henri Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 hakuweza kusimama muda mrefu. Wasaidizi wakampakia karatasi rangi, naye akazikata kwa mkasi akiwa ameketi. Baadhi ya kazi zake za ujasiri mkubwa zimetoka kwenye mkasi ule.

Kuhusu pesa nitasema machache, ila nayasema kwa msisitizo: kiinua mgongo kisiende kwenye vifaa. Karatasi ya kawaida, mkaa na rangi tatu za msingi (nyekundu, manjano na buluu) pamoja na nyeupe vinatosha muda mrefu kuliko unavyodhani. Wala usikimbilie kuonyesha kazi. Alma Thomas, mchoraji wa Marekani, alifundisha shule hadi mwaka 1960, akajitosa kikamilifu kwenye uchoraji baada ya kustaafu, na maonyesho yake kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney jijini New York yakaja mwaka 1972, akiwa na miaka 80. Nyumba ya sanaa itataka kuona kundi la kazi zinazozungumza lugha moja, na kundi hilo huanza kuonekana ukichora kitu kilekile mara nyingi. Kama ulikuwa muuguzi, chora mikono. Kama ulikuwa dereva, wewe barabara unaijua kuliko mimi, niletee barabara.