Je, Wajua Kwa Nini Jeraha la Paka Hupona Juu Likaoza Ndani?

Paka shume akirudi nyumbani alfajiri baada ya usiku wa kelele juu ya mabati, mwenye nyumba humtazama haraka haraka, akaona manyoya machache yaliyong'oka na tone la damu lililokauka shavuni, akaridhika kwamba hakuna la kutisha. Kesho yake hata lile tone halionekani. Siku ya tatu au ya nne paka huyo huyo amejificha chini ya kitanda, hataki hata dagaa ambao juzi alikuwa akiwalilia, na shavu limevimba kana kwamba ameficha ndimu ndani yake. Kisha uvimbe hupasuka wenyewe, ukatoka usaha mzito wenye harufu ya kukimbiza watu chumbani. Hapo ndipo swali linapokuja: jeraha lililokwisha kufunga limeozaje?

Limeoza hasa kwa sababu lilifunga. Ili kuelewa jambo hili inafaa kuanza na jino lililolifanya. Meno ya chonge ya paka ni silaha ya kumuulia panya: hupenya katikati ya pingili za shingo yake na kuukata uti wa mgongo kwa pigo moja. Kwa kazi hiyo jino halihitaji kuwa nene wala kuwa na nguvu ya kusaga, bali linatakiwa liwe refu, jembamba na lenye ncha kali. Paka anapomuuma paka mwenzake, jino hilo huingia kama sindano, likapita ngozi na mafuta hadi kwenye msuli, kisha likachomolewa na kuacha tundu la milimita chache tu.

Ngozi ya paka nayo huchangia. Imelegea, hasa shingoni na mgongoni, na huteleza juu ya msuli kiasi kwamba aliyekamatwa aweza kujipindua na kumgeukia adui huku bado ameshikwa. Ulegevu huo humwokoa vitani, lakini humponza baadaye. Jino liliingia wakati ngozi imevutwa upande, na ngozi inaporudi mahali pake, tundu la juu na tundu la chini hayalingani tena. Mate yaliyoachwa kwenye msuli yamefungiwa. Saa chache baadaye gaga dogo limeziba mlango wa nje, na kwa macho ya mtu paka amepona.

Ndani ya mate hayo mna wakazi wengi. Anayejulikana zaidi ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye huishi kwenye vinywa vya paka walio wengi bila kuwadhuru. Jina lake limetokana na Louis Pasteur, Mfaransa aliyemchunguza karibu mwaka 1880 akiwa katika utafiti wa kipindupindu cha kuku, kwani ugonjwa ule wa mabandani husababishwa na bakteria wa spishi hiyo hiyo. (Usichanganywe na mdondo, ambao ni ugonjwa wa virusi.) Pamoja naye huingia bakteria wa jamii za Fusobacterium, Bacteroides na Porphyromonas, wale wanaokaa kwenye ufizi na ambao hawastawi penye oksijeni. Utafiti uliofanyika katika hospitali 18 za Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 uliwachunguza watu ambao majeraha yao ya kuumwa yalikuwa yameambukizwa, na ukaikuta Pasteurella katika asilimia 75 ya majeraha ya paka na asilimia 50 ya majeraha ya mbwa. Kwa kawaida jeraha moja lilikuwa na aina tano hivi za bakteria kwa pamoja.

Wingi huo una maana yake. Pasteurella aweza kuishi penye hewa na pasipo hewa, kwa hiyo ndiye anayetangulia kuzaliana. Yeye na chembe za mwili zinazopambana naye hutumia oksijeni iliyobaki ndani ya tundu, na hewa inapokwisha, wale wasiopenda oksijeni huipata nyumba waliyoitaka. Harufu mbaya ya usaha wa paka ni kazi yao. Laiti jeraha lingebaki wazi, hewa ikaingia na majimaji yakatoka, wengi wao wasingefika mbali.

Mwili haukai kimya. Chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo kwa mamilioni, huwameza bakteria, na nyingi kati yake hufia hapo hapo zikimwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha bakteria pamoja na nyama ya paka mwenyewe. Mchanganyiko wa chembe zilizokufa, bakteria na nyama iliyoyeyuka ndio usaha. Kuuzunguka usaha huo mwili hujenga ukuta wa nyuzi ili uchafu usisambae, na hilo ndilo jipu. Kwa paka huchukua siku mbili hadi nne kutunga, muda ambao gaga la juu limekwisha kuanguka na manyoya yameanza kufunika. Isitoshe, majeraha ya paka huunda nyama mpya polepole kuliko ya mbwa, hivyo kule ndani nafasi tupu hukaa muda mrefu ikisubiri kujazwa na chochote kitakachowahi.

Ukuta ule ule unaozuia bakteria kutoka huzuia pia dawa kuingia. Damu haipiti ndani ya usaha, na dawa inayosafiri kwa damu huishia mlangoni. Hata zile zinazofanikiwa kuingia hukuta mazingira mabaya: pana asidi, hapana hewa, na bakteria wengi hawazaliani kwa kasi tena, ilhali dawa nyingi huwaua vizuri zaidi wanapozaliana. Jentamaisini, ambayo watu wengi huinunua kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa imani kwamba ni sindano kali, huhitaji oksijeni ili iweze kuingia ndani ya bakteria. Ndani ya jipu la paka haina kazi, na figo za mgonjwa ndizo zinazobeba mzigo wake.

Ndiyo maana matibabu ya kwanza ya jipu lililoiva ni kisu. Msemo wa kutumbua majipu ulivuma sana Tanzania enzi za Rais John Magufuli, na kwa upande wa tiba ni msemo sahihi, ila unaishia nusu ya safari. Daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi, hunyoa manyoya, hupasua sehemu ya chini ya uvimbe ili usaha uteremke wenyewe, kisha huosha ndani kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka yanayotoka yawe safi. Baada ya hapo halishoni. Hulilinda tundu lisifunge haraka, wakati mwingine kwa kuweka kipande cha mpira laini cha kupitishia majimaji, kwa sababu likifunga kabla ya ndani kujaa nyama mpya, jipu litarudi lilivyokuwa. Dawa za kuua bakteria, kwa kawaida za jamii ya amoksilini, hufuata baada ya kazi hiyo. Zikitolewa ndani ya saa 24 za kwanza baada ya ugomvi, zaweza kulizuia jipu lisitunge kabisa.

Mbwa ana hadithi tofauti kidogo. Meno yake ni butu zaidi, taya zake zina nguvu, na anapouma hutikisa kichwa, kwa hiyo jeraha lake mara nyingi huchanika na kubaki wazi. Laonekana baya zaidi, lakini hupitisha hewa na humwaga uchafu wake. Kanuni hii hupinduka mbwa mkubwa anapomkamata mbwa mdogo: juu huonekana vitobo vinne tu, na chini yake misuli imesagwa na ngozi imebanduka kutoka kwenye nyama, na nyama iliyokufa ni chakula cha bakteria sawasawa na ile ya paka.

Kwa mwenye paka, kazi kubwa ni kuliona jeraha kabla halijaiva, na hapo vidole hufaa kuliko macho. Mpapase taratibu ukitafuta mahali penye joto, panapouma, au penye manyoya yaliyogandamana. Paka aliyesimama kupigana huwa ameumwa kichwani, shingoni au miguu ya mbele, na aliyeona ni afadhali akimbie huwa na jeraha kwenye shina la mkia, kwa hiyo jipu lenyewe hukueleza ugomvi ulikwendaje. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, basi asionekane ana homa kwa sababu tu ana joto kuliko wewe. Uvimbe waweza kukandwa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, lakini usiuminye, maana usaha unaoshindwa kutoka nje huenda ndani. Jipu likishapasuka lisafishwe kila siku na paka akae ndani ya nyumba, kwani katika joto letu nzi hawachelewi kutaga mayai kwenye kidonda kilicho wazi. Wako wanaopaka oili chafu ya gari. Paka huilamba yote, na sumu yake humwingia tumboni.

Hatari kubwa kuliko zote za nyumbani ni Panadol. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, dawa iliyo ndani ya Panadol, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua: damu hugeuka rangi ya kahawia, hushindwa kubeba oksijeni, uso na miguu huvimba. Hata dawa halali za bakteria zina masharti yake. Doksisaiklini ya kidonge yataka kufuatiwa na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani kidonge kikikwama kooni huunguza mpaka njia ya chakula ikasinyaa. Enrofloksasini ikizidi kipimo huweza kumpofusha paka. Kipimo cha paka, kwa hiyo, kisikadiriwe kwa macho kutoka kile cha mbuzi au cha mbwa.

Binadamu akiumwa, jino ni lile lile na mate ni yale yale, isipokuwa kwamba mkononi chini ya ngozi kuna viungo na kano badala ya mafuta. Katika kundi la wagonjwa 193 walioumwa na paka mkononi na kutibiwa katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, 57 walilazwa. Uvimbe wa Pasteurella huanza mapema, mara nyingi kabla ya siku kuisha. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, muda uliowekwa hasa kwa ajili ya kichaa cha mbwa, ambacho ni cha virusi na huambukizwa na paka pia, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo. Akifika amwambie daktari waziwazi kwamba aliyemuuma ni paka, kwa sababu klokisasilini na erithromaisini, ambazo huandikwa mara kwa mara kwa vidonda vya ngozi, haziiwezi vizuri Pasteurella.