Sifoni inavuta hewa na hakuna hata tone linalodondoka

Wengi waliojitengenezea sifoni ya PVC, yaani bomba lililopinda linalopita juu ya ukingo wa tangi, ya kushushia maji kutoka tangi la samaki kwenda tangi la chini wanatafuta tundu kwa kuangalia maji yanadondoka wapi, wanapapasa elbo (viungio vya kona) zote kwa tishu, kukavu, wanasema bomba ni zima, afu asubuhi wanakuta sakafu imelowa. Ile sehemu ya sifoni iliyo juu ya usawa wa maji, presha ya ndani iko chini kuliko ya nje, kwahiyo tundu la pale halitoi maji, linafyonza hewa. Hewa inajikusanya kwenye kona ya juu, njia inabana taratibu mpaka sifoni inakatika, na pampu ya chini haina habari, inaendelea tu kupandisha maji.

Ila usikimbilie gundi. Viputo vingine vinakuja na maji yenyewe, hasa kama bomba la kurudisha maji juu kutoka kwenye pampu linamwaga karibu na mdomo wa sifoni. Mi nazima pampu, naacha sifoni imejaa, midomo yote miwili imezama, napiga alama ya kalamu pale hewa ilipofikia kwenye kipande kinachoonyesha ndani, nasubiri masaa kadhaa. Hewa ikiongezeka na maji yametulia, jua kuna tundu. Isipoongezeka, basi ni viputo, na mara nyingi bomba la sifoni ni pana mno kwa pampu hiyo, maji yanapita polepole hayana nguvu ya kuvisukuma vitoke. Hapo hamisha bomba la kurudisha, au weka bomba la sifoni jembamba kidogo ila lisizidiwe na pampu.

Kama ni tundu, chomoa sifoni, ziba matundu yake yote ubakize mdomo mmoja, izamishe kwenye ndoo, puliza uone viputo vinatokea wapi. Yangu ilinisumbua wiki nzima, elbo nimerudia kugundisha zote kumbe ni pale juu nilipotoboa kupitisha kampira ka kuvutia hewa, nilizungushia silikoni, na silikoni haishiki vizuri kwenye PVC, niliivuta kwa kucha ikatoka nzima kama pete! Na ile valvu ndogo ya kampira nayo ikaguliwe, ikiingia uchafu haifungi.

Ukitaka uhakika bila kuchomoa, paka mafuta ya mgando kwenye kiungio kimoja kimoja sifoni ikiwa inafanya kazi, ukipaka sehemu viputo vikakoma, umeipata. Hiyo ni ya kupimia tu. Kiungio cha gundi kikivuja kikate, weka kipya, piga msasa, paka gundi ya PVC pande zote mbili, sukuma huku unazungusha robo, shikilia kama nusu dakika.

Na kabla hujaiacha usiku, ikate sifoni makusudi ukiwa umesimama hapo, uone pampu inamaliza maji ya chini kabla tangi la juu halijafurika. Likifurika, punguza maji ya chini ujaribu tena.