Kompyuta za kwanta: ya maskani na ya kazini

Taja kompyuta za kwanta pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, kahawa ikimiminwa, utaambiwa ni laptopu yenye mbio za ajabu, na kwamba anayezitafiti kwenye kampuni ni bingwa wa hesabu anayeshinda ubaoni.

La mbio tulimalize upesi. Mashine hii haitakufungulia video haraka zaidi. Inalenga mafumbo maalumu: kuiga mwenendo wa molekuli, kwa mfano, au kuivunja namba kubwa kuwa vigawo vyake kwa kanuni aliyoibuni mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994. Na si kweli kwamba "inajaribu majibu yote kwa mpigo" kisha ikakuchagulia. Ukiipima inatoa jibu moja, tena la kubahatisha. Ufundi ni kuyafanya majibu mabaya yafutane kabla hujapima.

Kazi yenyewe ndiyo haisimuliwi. Google na IBM hutumia saketi zinazopitisha umeme bila ukinzani, na chipu hukaa chini kabisa ya jokofu lenye baridi ya karibu -273°C. Kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa katika mashine hizi, ni dhaifu mno: joto kidogo au wimbi la redio lililopotea njia, hesabu nzima imekwenda arijojo. Basi mtafiti anaweza kumaliza asubuhi akiipima upya kyubiti mojamoja, akirekebisha mipigo ya mikrowevu, akiandika programu kwa lugha ya Python, au akisaka waya unaopitisha joto. Wenye uzamivu wa fizikia wamo, lakini bila fundi wa baridi na mhandisi wa elektroniki hakuna kinachowaka. Google ilipotangaza chipu ya Willow, Desemba 2024, habari kubwa haikuwa hizo kyubiti 105. Ilikuwa kwamba walivyozidi kuongeza kyubiti za kulinda taarifa, makosa yalizidi kupungua. Hilo lilisubiriwa karibu miaka 30.

Wapo wasemao ukiingia kampuni umeiaga sayansi. John Martinis, aliyeongoza ujenzi wa mashine ya Google ya 2019, alipata Nobel ya Fizikia 2025, ingawa ni kwa majaribio ya chuoni ya miaka ya 1980. Kampuni huchapisha makala, ila si kila kitu. Mengine hukatiwa hataza au hufichwa.

Pesa zako za simu? Mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa kuvunja RSA ya biti 2048, kufuli la hesabu linalolinda siri mitandaoni, kungehitaji kyubiti milioni 20. Makadirio ya 2025 yakashuka chini ya milioni 1. Mashine za leo bado ziko mbali sana na hapo. Hata hivyo, Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishatoa viwango vipya vya usimbaji, yaani vya kuficha taarifa visivunjwe na mashine hizi, kwa sababu kubadilisha mifumo huchukua miaka.

Wengine husema, "Kwetu haiwezekani." Kulijenga jokofu lile hapa, sawa, ni vigumu: Unguja iliwahi kukaa gizani bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini IBM iliiweka mashine yake mtandaoni tangu 2016. Mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wa kampasi ya IIT Madras pale Bweleo, au kijana wa Wete mwenye bando, anaweza kujifunza Qiskit, zana ya IBM ya kuandikia programu za kwanta, na kutuma programu yake bure, kwa dakika chache kila mwezi. Matokeo yatarudi yamejaa makosa. Aanze na hayo.