Rasimu Iliyolala Mezani kwa Waziri

Tarehe 4 Septemba 2025, Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilimkabidhi Waziri wa Wanawake na Usawa, Bridget Phillipson, rasimu ya kanuni mpya za utendaji kwa watoa huduma. Ndani yake imo sura inayosubiriwa kuliko zote: ni lini, na kwa masharti gani, choo, chumba cha kubadilishia nguo, wodi ya hospitali au nyumba ya hifadhi vinaweza kuwa vya wanawake peke yao. Ninapoandika haya Desemba 2025 inaelekea ukingoni, na rasimu hiyo haijawasilishwa Bungeni. Kazi yangu ni kushauri vituo vya kijamii na vyama vidogo vya hiari kuhusu sheria za usawa, na tangu Septemba haijapita wiki sijaulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti. Aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni mama mmoja mwenye asili ya Mombasa, mwenyekiti wa kikundi kinachokodi bwawa la kuogelea la mtaani kwao jioni moja kwa wiki kwa ajili ya wanawake. Alinipigia simu na hata salamu hazijamalizika akasema, "Mwanangu, hebu niambie, sheria ipo au haipo?"

Nilimjibu kwamba sheria ipo. Tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, waliamua katika kesi iliyofunguliwa na kikundi cha For Women Scotland dhidi ya serikali ya Scotland kwamba maneno "mwanamke", "mwanamume" na "jinsi" katika Sheria ya Usawa ya 2010 yana maana ya maumbile ya kuzaliwa, hata pale mtu anapokuwa na cheti cha kutambuliwa jinsia, yaani hati ya kisheria ya kubadili jinsia, alichopewa chini ya sheria ya 2004. Mzozo wenyewe ulianzia mbali na vyoo na mabwawa: ulihusu sheria ya Scotland ya 2018 kuhusu uwiano wa wanawake katika bodi za umma, na nani wa kuhesabiwa kuwa mwanamke ndani ya bodi hizo. Majaji walisisitiza pia kwamba watu waliobadili jinsia wanaendelea kulindwa dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji, na Lord Hodge, mmoja wa majaji hao, akisoma muhtasari, aliwaasa wasikilizaji wasiichukue hukumu kuwa ushindi wa kundi moja juu ya jingine.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo Waingereza hawana. Katika semina za maendeleo huko nyumbani tumezoea kutenganisha "jinsi", yaani maumbile ya kike au ya kiume, na "jinsia", yaani nafasi na majukumu ambayo jamii humpangia mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Mitaani tunayachanganya maneno haya bila aibu, lakini tofauti ipo kwa yule anayeihitaji. Sehemu kubwa ya hukumu ile, yenye kurasa 88, ni kazi ya kuonyesha kwamba sheria ya 2010 ilikuwa inazungumzia jinsi.

Sasa, kama sheria ipo, kinachosubiriwa ni nini? Hapo ndipo penye mkanganyiko, na naomba nipaeleze taratibu. Kanuni za utendaji hazitungi sheria mpya; zinaieleza ile iliyopo kwa lugha na mifano inayoweza kufuatwa na meneja wa bwawa ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria. Hata hivyo, si waraka wa kawaida. Kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Sheria ya Usawa ya 2006, mtu hawajibiki mahakamani kwa sababu tu amezikiuka, lakini mahakama inalazimika kuzizingatia pale zinapohusika na shauri lililo mbele yake. Kwa maneno mengine, aliyezifuata ana ngao mkononi, na aliyeziacha ana maswali ya kujibu.

Njia ya kuzipitisha imewekwa katika kifungu cha 14 cha sheria hiyo hiyo. Tume inatangaza mapendekezo, inakusanya maoni, kisha inampelekea waziri rasimu. Waziri akiikubali, anaiweka mbele ya Bunge kwa siku 40, na ikiwa hakuna hata baraza moja kati ya mawili lililopitisha azimio la kuikataa, Tume inaitoa na waziri anapanga siku ya kuanza kutumika. Asipoikubali, anatakiwa kuiandikia Tume sababu zake. Bunge limepewa siku 40, lakini waziri hakupewa hata moja. Waliotunga kifungu hicho hawakufikiria kwamba waziri anaweza asiseme ndiyo wala hapana, na hilo, kwa maoni yangu, ni tundu katika sheria kabla halijawa kosa la mtu yeyote.

Madhara ya tundu hilo yanaonekana wazi ukikumbuka kwamba meza haiko tupu. Zipo kanuni za zamani, zilizoanza kutumika mwaka 2011, ambazo humwelekeza mtoa huduma kwa kawaida amhudumie mtu aliyebadili jinsia kulingana na jinsia anayojitambulisha nayo. Kanuni hizo hazijafutwa. Kwa hiyo meneja yule yule anakabiliwa na hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini inayosema hili, na kitabu rasmi chenye muhuri wa Bunge kinachosema lile. Mwanasheria atakuambia bila kusita kwamba hukumu inashinda, na atakuwa sahihi. Lakini vikundi ninavyovishauri havina mwanasheria. Vina mwenyekiti, mweka hazina na kopo la kuchangia chai.

Tume yenyewe ilijaribu kuziba pengo. Siku tisa baada ya hukumu ilitoa maelezo ya muda, mafupi, ambayo yalipingwa mahakamani, na mwezi Oktoba, rasimu kamili ikiwa imekwisha kukabidhiwa, ikayaondoa. Kipindi cha kutoa maoni, kuanzia 20 Mei hadi 30 Juni, kilileta majibu zaidi ya 50,000. Baroness Falkner, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume hadi mwisho wa Novemba, alimhimiza waziri aharakishe na kuzifuta kanuni za 2011, naye waziri akashikilia kwamba jambo hili linahitaji kupitiwa kwa makini, pamoja na kutathmini gharama zitakazowaangukia watoa huduma.

Sitaki kumdhulumu waziri. Rasimu ina zaidi ya kurasa 300, gharama za kugawanya vyumba katika jengo la zamani ni za kweli, na kanuni zitakazotolewa kwa pupa kisha zikaangushwa mahakamani zitatuacha pabaya kuliko tulipo. Ninachokipinga ni dhana kwamba kusubiri hakuna gharama. Serikali imekuwa ikitamka kwamba hukumu inapaswa kufuatwa tangu sasa, huku ikizuia kitabu ambacho kingeonyesha namna ya kuifuata, na matokeo yake ni kwamba hatari imehama kutoka mezani kwa waziri ikaenda kwenye kaunta ya kupokelea wageni. Msichana wa miaka 20 anayekata tiketi ndiye anayetakiwa kuamua, papo kwa papo, nani aelekezwe mlango upi. Mtu aliyebadili jinsia naye hanufaiki: leo anaruhusiwa kituo hiki, kesho anazuiwa cha jirani, na mahali pengine anaonyeshwa choo kilichofungwa kwa kufuli kwa sababu uongozi uliogopa kuamua lolote.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo karibu kila mtu hulichanganya. Kwa watoa huduma, sheria inaruhusu kutenga nafasi kwa jinsi moja. Kwa kawaida hailazimishi, ingawa kukosekana kwa nafasi hizo kunaweza kugeuka ubaguzi usio wa moja kwa moja dhidi ya wanawake, yaani utaratibu unaoonekana sawa kwa wote lakini unaowaumiza wao zaidi. Masharti yamo katika Jedwali la Tatu la sheria ya 2010, na lile linalofaa zaidi kwa bwawa letu ni kwamba huduma inatumiwa na watu wawili au zaidi kwa wakati mmoja, katika mazingira ambayo mtu wa jinsi moja anaweza, kwa sababu ya maana, kutoridhia kuwepo kwa mtu wa jinsi nyingine. Juu ya hapo, hatua iwe na uwiano na lengo halali. Kazini mambo ni tofauti kabisa. Kanuni za mahali pa kazi za 1992 zinamlazimisha mwajiri kuwa na vyoo tofauti vya wanaume na wanawake, isipokuwa kila choo kikiwa chumba kamili kinachofungwa kwa ndani. Rasimu iliyo mezani kwa waziri haigusi kazini, kwa hiyo hata ikitoka kesho, waajiri wataendelea kujadiliana mbele ya majaji. Mapema mwezi huu mahakama ya ajira ya Scotland ilitoa uamuzi katika shauri la muuguzi mmoja wa Fife kuhusu chumba cha kubadilishia nguo hospitalini. Baadhi ya madai yake yalikubaliwa na mengine yakatupwa.

Nilipomaliza kumweleza mama yule haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa, alikaa kimya kidogo kisha akauliza kama jioni yao ya kuogelea iendelee. Nikamwambia, "Mama, iendelee, ila tuandike sababu." Tukaandika: kwamba waogeleaji hubadilisha nguo katika chumba kimoja cha pamoja, kwamba wengi wao, kwa dini au kwa haya, hawaingii majini wanapochanganyika na wanaume, kwamba bwawa liko wazi kwa kila mtu siku nyingine sita, na kwamba atakayezuiwa jioni hiyo aelezwe kwa heshima, bila kuulizwa chochote kuhusu mwili wake mbele za watu, na aonyeshwe chumba chenye kufuli kinachoweza kutumiwa na yeyote. Barua ilifika kurasa mbili. Pale panapotakiwa kutajwa aya ya kanuni za utendaji tunazozitegemea, niliacha nafasi wazi na kuweka alama kwa penseli.